Kabla Makofi Hayajapigwa

Tarehe 2 Desemba 2010 kulikuwa na shangwe barazani kwetu Kisauni. Sepp Blatter, rais wa FIFA wa wakati ule, alifungua bahasha kule Zurich, jina la Qatar likatoka, nasi tukaanza kupeana mikono. Kombe la Dunia lilikuwa linaenda nchi ya Kiarabu kwa mara ya kwanza, kwa watu wanaofunga na kufungua kama sisi, upande wa pili wa bahari ambako karibu kila nyumba ya Mombasa ina shangazi, binamu au jirani anayefanya kazi. Tulikaa hadi usiku tukibishana nani atasafiri, tiketi itakuwa bei gani, na kama timu yetu ya taifa, Harambee Stars, itafuzu. Viwanja vitajengwa na nani, na kwa masharti gani, hilo halikumjia mtu.

Waliopiga kura nao hawakulazimika kulijibu. Walikuwa wanaume 22 wa kamati tendaji ya FIFA, na katika raundi ya mwisho 14 waliichagua Qatar, 8 wakaichagua Marekani. Kabla ya hapo walikuwa na ripoti ya wakaguzi wa FIFA wenyewe mkononi. Ripoti ilionya kwamba joto la Juni na Julai huenda likahatarisha afya ya wachezaji, maofisa, watu wa FIFA na watazamaji. Nimelirudia onyo hilo mara nyingi tangu nilijue. Linamtaja kila mtu atakayefika kwa mwezi mmoja wa mechi. Halimtaji atakayekuwa chini ya jua lile lile kwa miaka kumi na miwili akifunga nondo, akimwaga zege, akilinda lango.

Mimi nilikuja kuwa mlinda lango.

Corona iliifunga hoteli ya Nyali nilimokuwa nikifanya kazi, na wakala mmoja mjini akawa anaandikisha walinzi wa kwenda Doha. Ada yake, vipimo vya afya, viza na tiketi vilikaribia shilingi laki moja u nusu. Mama alikopa sehemu kubwa kwenye chama chake, zilizobaki wakachanga wajomba. Sheria ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Hilo nililisikia nikiwa nimeshalipa na nimeshafika. Mkataba nilioutia sahihi Mombasa haukuwa ule niliokabidhiwa Doha. Saa zilikuwa zimeongezeka, posho ya chakula ilikuwa imepungua, na pasipoti ilichukuliwa ofisini tukaambiwa inahifadhiwa kwa usalama wetu.

Tulilala katika eneo la viwanda ambalo kila mfanyakazi hulijua kwa jina la Sanaya, chumba kimoja Wakenya, Waganda, Mghana mmoja na Wanepali. Kwa haki ya Mungu sikuonewa na kila mtu. Palikuwa na mzee wa Kiqatari aliyekuwa akipita na gari langoni kwetu kila Ijumaa na katoni za maji baridi, asiulize jina wala asipige picha. Dhuluma ninayoizungumzia haikutoka katika roho ya taifa fulani. Ilitoka katika utaratibu, na jina la utaratibu huo ni kafala: mwajiri ndiye mdhamini wako, kibali chako cha kukaa kiko kwake, na kwa miaka mingi hukuweza kubadilisha kazi wala kutoka nchini bila ruhusa yake.

Nilifika wakati sheria zilikuwa zimeanza kugeuka. Sharti la ruhusa ya kutoka nchini lilikuwa limeondolewa, kwa wengi mwaka 2018, kwa wafanyakazi wa majumbani Januari 2020. Baadaye mwaka huo huo ikaondolewa ile barua ya mwajiri iliyohitajika kubadilisha kazi. Machi 2021 kikaanza kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, na juu yake 500 za malazi na 300 za chakula kwa asiyepewa vitu hivyo na kampuni. Haya yalikuwa mambo ya kweli na yaliwasaidia watu wa kweli. Niliwaona. Lakini katika kampuni yetu aliyeomba kuhama alitishiwa kufutiwa kibali cha ukaazi, au kuripotiwa polisi kuwa ametoroka kazini, na mtu aliyeripotiwa ametoroka hana sheria mpya itakayomwokoa usiku ule.

Kiangazi cha 2021 nilikuwa kwenye lango la mjengo huko Lusail. Serikali ilikuwa imetoa amri mpya: kuanzia Juni mosi hadi Septemba 15, kazi za nje zisimame kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa u nusu alasiri. Saa nne ikifika mafundi waliteremka, wakaingia kivulini. Sisi walinzi tulibaki, maana lango halifungwi kwa sababu ya joto. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili. Siku ya mapumziko ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba, na ukiichukua unakatwa. Ukikutwa umekaa unakatwa. Ukienda chooni bila kumpata wa kukushikia nafasi unakatwa. Waafrika ndio tuliopangwa nje. Wenzetu wa mataifa mengine walipelekwa kwenye maduka na maofisi yenye viyoyozi, na kila mtu pale alijua hivyo ndivyo ilivyo. Aprili 2022 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya walinzi wa Qatar, baada ya kuzungumza na watu 34 wa kampuni nane. Nilipoisoma nilijikuta humo, ingawa sikuwa mmoja wa waliohojiwa.

Jioni nilimpigia mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula.”

“Na jua?”

“La kawaida tu, mama. Kama la huko.”

Katika kambi yetu Mnepali mmoja alilala asiamke. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye nguvu, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amenionyesha picha za bintiye. Karatasi zake ziliandikwa kifo cha kawaida, moyo umesimama. Hakupasuliwa kuchunguzwa moyo ulisimama kwa nini. Maneno hayo matatu, kifo cha kawaida, yana kazi kubwa, kwa sababu kifo kikiwa cha kawaida hakihusiani na kazi, na kisipohusiana na kazi mwajiri hadaiwi fidia.

Hesabu zilitofautiana vibaya sana. Februari 2021 gazeti la The Guardian liliandika kwamba zaidi ya wahamiaji 6,500 kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka walikuwa wamefariki Qatar tangu ipewe mashindano, wa kazi zote na kwa sababu zote. Waandalizi walihesabu vifo vitatu vya kazini katika miradi ya viwanja, na 37 walivyosema havihusiani na kazi. Novemba 2022 kiongozi wa maandalizi, Hassan Al-Thawadi, alitaja kati ya 400 na 500 katika mahojiano ya televisheni. Nyuma ya kila namba kuna namna ya kuhesabu, nami siwezi kuamua ipi ni sahihi. Ninachojua ni kwamba Wakenya hawakuwamo katika hesabu ya Guardian, na gazeti lenyewe lilisema hivyo, kwamba nchi kama Ufilipino na Kenya hazikujumlishwa. Mtu wa kwetu akirudi kwenye jeneza, aliyemhesabu ni familia yake.

Malcolm Bidali alijaribu kuandika. Alikuwa Mkenya, mlinzi kama sisi, na kwa jina la kubuni alikuwa akieleza mtandaoni vyumba vilivyojaa, mishahara, usafiri wa kambini. Mei 2021 alichukuliwa na maofisa wa usalama, akafungiwa peke yake chumbani kwa majuma, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa kosa la kuchapisha habari za uongo. Agosti akaondoka nchini. Siku jina lake lilipoanza kutembea kwenye simu zetu, kikundi chetu cha WhatsApp, ambacho kilikuwa na maneno mengi kuanzia alfajiri, kilibaki na salamu na dua tu. Wengine walifuta picha za vyumba vyao. Nasema wazi kwamba hofu ile ilikuwa nzito kuliko jua.

Mwaka uliofuata kijana mwingine wa Kenya alipata umaarufu dunia nzima. Alikaa kwenye kiti kirefu nje ya kituo cha treni cha Souq Waqif, kipaza sauti mkononi, akiwaelekeza mashabiki njia ya metro kwa mahadhi yaliyowafanya waimbe naye. Alistahili kila pongezi. Alialikwa hadi uwanja wa Al Bayt kabla ya mechi ya Uingereza na Marekani, na sisi Wakenya tulijivuna. Lakini niliwaza kwa uchungu: dunia imeipenda sauti ya Mkenya anayeonyesha njia, na ile ya Mkenya aliyeonyesha kitanda anacholalia ilizimwa, na mashabiki wengi walioimba pale hawakuwahi kuisikia.

Mashindano yenyewe niliyalinda, sikuyaona. Mlinzi wa uwanjani huupa uwanja kisogo. Kazi yake ni kutazama watu. Nilijifunza kulijua goli kwa nyuso za waliokaa mbele yangu. Fainali ya Lusail, Argentina na Ufaransa, watu wengi wanasema hakujapata kuwa na fainali tamu kama ile, na nyuso nilizoziona siku hiyo zinaniambia ni kweli.

Siku moja kabla ya mashindano kuanza, Gianni Infantino, aliyemrithi Blatter, alikuwa amewaambia waandishi kwamba anajisikia Mqatari, Mwarabu, Mwafrika, mfanyakazi mhamiaji. Akasema Ulaya kwanza iombe radhi kwa mambo iliyoyafanya duniani kabla ya kuwafunza wengine maadili. Wengi wetu kambini tuliipenda sehemu hiyo ya pili, maana ina ukweli. Kombe la Dunia la 1978 lilichezwa Argentina chini ya majenerali, watu wakiteswa ESMA, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Monumental, na timu za Ulaya zilikwenda. Nimelifikiria jambo hili sana na sasa nina msimamo. Unafiki wa anayeuliza swali haumlipi aliyedhulumiwa mshahara wake. Kama Mzungu ana deni, na anadaiwa kweli, deni hilo si sababu ya Mnepali kuzikwa bila uchunguzi.

Baada ya fainali mikataba yetu ilikatizwa. Tulipewa tiketi, wengine bila malipo ya miezi iliyobaki. Mashirika ya haki yalikuwa yameiomba FIFA itenge angalau dola milioni 440, kiasi sawa na zawadi za timu zote 32, ziwe fidia kwa wafanyakazi na familia zao. Mwishoni mwa 2024 FIFA ilitangaza mfuko wa urithi wa mashindano yale, dola milioni 50, ukaelekezwa kwenye miradi ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Biashara Duniani na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Miradi ya kheri, bila shaka. Baba wa yule mwenzetu wa Nepal si mkimbizi wala mfanyabiashara.

Hapa ndipo somo langu lilipo. Mabadiliko yote mema niliyoyataja yalikuja kwa sababu macho ya dunia yalikuwa Doha. Malalamiko rasmi kwa Shirika la Kazi Duniani yalipelekwa 2014, yakafungwa 2017 baada ya serikali kukubali mpango wa marekebisho, na shirika hilo likafungua ofisi Doha 2018. Hesabu mwenyewe: kura 2010, ofisi 2018. Katikati ya hapo misingi ilikuwa imechimbwa na watu wakafia humo. FIFA ilikuwa na uwezo wa kudai kila kitu siku moja kabla ya kura, pale mgombea yuko tayari kuahidi hata mvua. Siku moja baada ya kura uwezo huo ulihamia kwa mwenyeji, na kilichobaki kwa FIFA kilikuwa kusihi na kusifu.

FIFA yenyewe ilikiri hilo kwa kalamu. Ilimwita Profesa John Ruggie wa Harvard, aliyeandika misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, naye akatoa mapendekezo yake Aprili 2016. Mwaka 2017 ikapitisha sera ya haki za binadamu, na waliogombea mashindano ya 2026 wakatakiwa kueleza mapema watazilinda vipi. Nilipolisoma hili nikiwa nimerudi nyumbani nilipata matumaini makubwa.

Kisha ikaja 2034. Tarehe 4 Oktoba 2023 FIFA ilizikaribisha nchi za Asia na Oceania tu, ikazipa hadi mwisho wa mwezi kuonyesha nia. Australia ilijitoa siku ya mwisho, ikabaki Saudi Arabia peke yake. Ripoti ya FIFA ikaipa alama 419.8 kati ya 500, na hatari kwa haki za binadamu ikawekwa kiwango cha kati. Viwanja kumi na vitano vimependekezwa, vingi vya kujengwa upya, katika nchi ambayo Wakenya, hasa dada zetu wa kazi za nyumbani, wamekuwa wakirudishwa kutoka huko maiti kwa miaka. Tarehe 11 Desemba 2024 mkutano mkuu ulifanyika kwa video. Mashindano ya 2030 na ya 2034 yaliunganishwa katika uamuzi mmoja, na hakukuwa na karatasi ya kura. Wajumbe waliombwa wapige makofi mbele ya kamera zao. Norway, ambayo rais wa shirikisho lake, Lise Klaveness, alikuwa amesimama kwenye mkutano wa Doha mwaka 2022 akawatetea wafanyakazi ana kwa ana, ilikataa kushiriki makofi hayo.

Nashikwa na hasira ninapokumbuka kwamba sisi pia tuko ndani ya mkutano ule. Tangu 2018, Moscow, mashirikisho yote ndiyo yanayochagua mwenyeji, na yako 211. Ujerumani ina kura moja. Kenya ina kura moja. Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo kila moja ina yake. Nchi zinazopeleka walinzi, wapishi, madereva na vibarua zingeweza kukaa pamoja na kusema: kabla hatujainua mkono, tuonyesheni vifo vitachunguzwa vipi, nani atarudisha ada za mawakala, mfanyakazi atamshtaki mwajiri mbele ya nani. Viongozi wetu wa mpira hawakusema. Nao ndio walio karibu zaidi na familia zinazopokea majeneza uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Swali hili limebisha hodi kwetu. Septemba 2023 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Nilifurahi na bado nimefurahi. Ila uwanja wa Kasarani tunaoupaka rangi kwa ajili ya wageni ndio ule ambamo Aprili 2014 walizuiliwa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali waliokamatwa Eastleigh, wakubwa kwa wadogo, kwa kosa la kufanana na adui. Tangu tupewe mashindano, Juni 2024 vijana walipigwa risasi karibu na Bunge jijini Nairobi, na Oktoba 2025 damu ikamwagika Tanzania wakati wa uchaguzi, intaneti ikiwa imezimwa. Mwenyeji wa siku ya kuchaguliwa huwa si yule wa siku ya ufunguzi. Berlin ilipewa Olimpiki 1931, kabla ya Hitler kushika madaraka. Argentina ilichaguliwa 1966, karibu miaka kumi kabla ya majenerali wale kushika madaraka.

CAF inajua kunyang’anya. Mwaka 2017 iliipokonya Kenya mashindano ya CHAN ya 2018 kwa kuchelewa matayarisho, kama ilivyopokonywa Kombe la Afrika la 1996. Mwaka 2018 iliipokonya Cameroon Kombe la Afrika la 2019. Nyasi zikikauka, viti vikikosekana, wakaguzi wanapiga simu. Sijawahi kusikia mashindano ya Afrika yakihamishwa kwa sababu ya ujira wa vibarua wa mjengo au wachuuzi waliobomolewa vibanda. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nataka wakaguzi wa CAF wakija Kasarani, Arusha na Hoima wakae pia na kibarua, bila msimamizi kusimama nyuma yake, wamuulize amelipwa lini mara ya mwisho.

Mwezi uliopita kijana wa jirani aliniletea karatasi zake za Riyadh. Kazi ya ulinzi, alisema, kwenye miradi mikubwa. Tuliketi tukausoma mkataba neno kwa neno, na kwenye mstari wa saa za kazi palikuwa wazi. Nikampigia wakala mbele yake.

“Hayo atajaziwa akishafika, kaka,” wakala alisema. “Wote huenda hivyo.”

“Ajaziwe hapa,” nikamwambia, “na nakala abaki nayo mama yake.”

Wakala alikataa. Kijana alizikunja karatasi, akanishukuru, akasema atamtafuta mwingine, na amekwisha kuwaona wawili ambao nao wameuacha wazi mstari ule ule.